Vidonge Mbele ya Altare

Alhamisi, 30 Mei 2024

Alhamisi tena. Namshukuru aliyeweka Alhamisi ndani ya wiki.

Nilitoka dukani saa tisa. Mzee Mustapha, mwenye duka, ameshazoea, haniulizi tena. Ananionyesha tu mlango kwa kidevu. Nikamwogesha Teodori, nikamvalisha shati la mikono mirefu na sweta juu yake, maana baridi ya mlima Kwaraa imeanza kushuka. Mkono wa kulia bado naingiza mwenyewe, kama mtu anayeingiza mto kwenye foronya.

"Rudia," akasema.

Alitaka kofia. Au maji. Mpaka nilipovishika vyote viwili ndipo akaitikia kwa kichwa: kofia.

Tangu kiharusi cha Machi ana neno hilo moja. Miaka ishirini na zaidi amewafundisha watu kuimba — sauti ya pili rudia, besi rudia, wote rudia — na yote mengine yameondoka, limebaki hilo. Chai ni rudia. Choo ni rudia. Mimi mke wake ni rudia.

Tukapanda bajaji hadi kanisani kigangoni. Venance alishafunga spika na kinanda, vijana wa gitaa na ngoma wapo. Saa kumi na moja na nusu sala, kisha nyimbo. Teodori alikaa benchi la mbele, pembeni, kama kila Alhamisi, mdomo umelala upande. Huwa anaguna tu pamoja na nyimbo. Hata huko kuguna nakungoja wiki nzima.

Leo hakuguna! Venance alipoanza ule wimbo wa jioni alioutunga Teodori mwenyewe, nikasikia sauti ubavuni: so, mi, fa, so. Safi! Kama alivyokuwa akiwafundisha, noti kwanza, maneno baadaye. Venance aligeuka, vidole vikakosea. Kijana yule amefundishwa na Teodori tangu hajaota ndevu. Alipiga mpaka mwisho bila kuangalia vidole, anamwangalia mwalimu wake, machozi yanashuka.

Romanus, kiongozi wa kikundi cha sala, alinishika mkono mlangoni. Mama Coletha, umeona? Wiki ijayo ni Alhamisi ya ushuhuda. Jiandaeni.

Nyumbani nikampa vidonge vyake vya presha. Akameza bila shida, akafungua mdomo kunionyesha, kama mtoto.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu nyumbani. Nikamwambia, sema jina langu, Paskalina. Pas-ka-li-na.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia."

Nikarudia tena, na tena, mpaka nikaelewa kwamba hakuwa ananiambia chochote. Nikacheka. Kisha nikaenda jikoni kuchambua mbaazi ambazo nilishazichambua jana.

Coletha alipiga kutoka chuoni Dodoma. Nikaweka simu sikioni kwa baba yake. Alimsikiliza mwanae muda mrefu, anaitikia kwa kichwa. Halafu "rudia" — taratibu sana, kama anambembeleza. Coletha akaniambia, Mama, usimwekee tena simu, siwezi.

Alhamisi, 6 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Alhamisi ya ushuhuda hutandikwa mkeka mbele ya altare. Kila aliyefunguliwa anaweka juu yake kitu kilichokuwa kimemfunga. Ndiyo desturi ya kikundi chetu tangu kianze. Nimeshaona chupa za pombe pale, hirizi, gongo la kutembelea, pete ya mwanamume wa watu. Na kilichowekwa pale hakiguswi tena na aliyekiweka. Romanus hulisema kila mara: ukimpa Mungu kitu kwa mkono wa kulia, usikichukue kwa wa kushoto.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Wamekuja hata watu wa Singe. Nyimbo tatu, ushuhuda wa mama mmoja aliyepona mguu, kisha Venance akaanza wimbo wa jioni. Kwaya ikaingia: Tumekuja na siku yetu mikononi. Halafu ile sehemu ya mwalimu peke yake. Tangu Machi sehemu hiyo Venance huipiga kwa kinanda tu, hakuna mtu wa kuiimba. Wote tunanyamaza, kinanda kinalia peke yake, tunaendelea.

Leo Teodori alisimama.

Alisimama! Mkono wa kushoto kwenye benchi. Akaimba: *Ipokee, ipokee, hata pale ilipovunjika.* Maneno! Yote! Hakuna lililokatika. Sauti ile ile, kama vile haijawahi kwenda popote.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, watu wamepiga magoti, ngoma inapigwa bila mpangilio. Romanus alishika maiki akalia: Nani amefanya hivi? Nani? Watu: Bwana! Vidonge au Bwana? Bwana! Mwalimu ana kitu cha kuweka mkekani?

Teodori aliniangalia.

Hapa ndipo. Sitamsingizia mtu. Romanus hakuutia mkono wake mfukoni kwangu. Ni mimi. Bahasha ya dawa ilikuwa kwenye pochi, huwa natembea nayo. Nikaitoa. Nikapita kati ya watu nikilia, nikaiweka mkekani mbele ya altare, jina lake likiangalia juu. Nilipogeuka, Teodori alikuwa anatabasamu kwa nusu ya mdomo inayoweza kutabasamu.

Tumerudi nyumbani na kundi la watu, wanaimba barabarani. Ameponywa. Mume wangu ameponywa!

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nilimletea chai. Nikasema, habari za asubuhi, Mwalimu. Nilivaa hata kitenge kipya.

"Rudia."

Nikasubiri. Nikamwambia, jana uliimba. Sema basi, ipokee.

"Rudia. Rudia." Na macho yamejaa hofu. Yeye mwenyewe alidhani maneno yamerudi.

Nikaacha chai inapoa.

Saa nne nikaenda kwa Romanus kudai bahasha. Alikuwa anapanga magunia ya mahindi. Alisikitika kweli, ni mtu mwema. Lakini — Mama Coletha, kilichotolewa mbele ya altare! Watu wote waliona. Wakisikia umekichukua, wadogo kiimani wataanguka.

"Na mume wangu akianguka?" nikamwuliza.

Akachukua funguo. Tukaingia kwa mlango wa nyuma wa sakristia, akanipa bahasha chini chini, akaifunika kwa kanga yangu mwenyewe, kama wezi.

Jioni nikatoa kidonge kwenye bahasha ile. Teodori aliiona. Aliisoma kwa macho — jina lake, mwandiko wa zahanati, kona iliyokunjika. Aliitambua. Akaniangalia jinsi alivyokuwa akimwangalia mwanakwaya aliyekuja amelewa.

Akafunga mdomo.

Jumapili, 9 Juni

Hakumeza Ijumaa. Hakumeza jana. Hajameza leo.

Nilinunua vingine vipya, boksi jipya, bila jina. Akavijua kwa rangi.

Nikasaga kimoja kwenye uji. Kijiko cha kwanza tu akatema, uji wote ukanimwagikia kifuani. Sasa hali uji. Hali chochote nilichokishika mimi mpaka Hadija jirani akionje kwanza mbele yake. Hadija ndiye hukaa naye nikiwa dukani. Mara nyingine huja kupikia mandazi yake kwetu. Leo alionja makande, akamwambia, "Haya Mwalimu, sijafa, kula." Akala sahani nzima.

Mimi nilisimama mlangoni nimeshika mwiko. Ndoa yangu ina mwonjaji.

Jumatatu, 10 Juni

Nesi Rahma wa zahanati alipita na mashine. Presha imepanda. Nikamweleza yote, hata mkeka. Sikuacha kitu. Nilitaka anigombeze.

Hakunigombeza. Akasema, kuimba na kusema havikai chumba kimoja kichwani. Kiharusi kimebomoa chumba cha kusema. Cha kuimba kimesimama. Ndiyo maana anaimba maneno asiyoweza kuyasema. Ameona wengine namna hiyo, hata mzee mmoja aliyekuwa akitukana vizuri tu na salamu hawezi.

"Kwa hiyo si muujiza," nikasema.

"Mama Coletha, mimi hayo sijui. Najua presha." Akakunja mpira wa mashine. "Bila dawa kitakuja cha pili. Na cha pili hakibishi hodi."

Akajaribu kumpa yeye mwenyewe kidonge. Mdomo umefungwa. Rahma akamwambia hata Mungu anatumia dawa. Teodori akamtazama kwa heshima zote, mdomo umefungwa.

Kwa nini nilikuwa na pochi siku ile!

Alhamisi, 13 Juni

Sikutaka kumpeleka. Lakini Alhamisi anaijua. Sijui anaijuaje, siku nyingine zote zimemchanganyika. Saa nane alikuwa ameketi kitandani anapigana na mkono wa shati peke yake.

Ameimba tena. Vizuri kuliko wiki iliyopita. Uso unang'aa. Watu wamepanga foleni kumshika mkono. Mama mmoja ameleta mtoto wake aguswe kichwa. Mwalimu akamgusa.

Na mimi nimekaa nyuma, najua kilichomo ndani ya mishipa ile. Kila akipanda noti ya juu na shingo ikajaa, moyo wangu unasimama. Nilikuwa namwomba Mungu mume wangu asiimbe. Nimeishi kufika hapa — kumwomba Mungu hilo, kanisani.

Baadaye nilimvuta Romanus pembeni. Nikamwambia, anakusikiliza wewe. Mwambie ameze.

"Mimi sikumwambia aache, Mama Coletha."

"Uliuliza vidonge au Bwana. Na mimi nikajibu. Tumeshafanya, sasa tumfungue."

Akaja mpaka benchi la mbele. Akamshika bega. Akakohoa. Akasema, Mwalimu, Mungu ana njia nyingi. Basi! Hiyo ndiyo yote! Kisha akasali sala ndefu, nzuri, ambayo neno dawa halimo.

Teodori akaitikia amina kwa kuimba.

Jumamosi, 15 Juni

Mahindi yanavunwa Nakwa nzima. Ya kwetu yamesimama shambani.

Hajameza.

Jumatatu, 17 Juni

Leo Idi. Hadija alileta sinia la pilau kabla ya adhuhuri, amevaa vizuri, ananukia udi hadi uani. Nikamchukua jikoni, nikamwonyesha kidonge kilichosagwa kwenye kijiko.

Akaniangalia. "Dada Paskalina. Ukitia kitu hicho kwenye pilau langu siku ya Idi, mimi na wewe ujirani umekwisha."

"Atakufa, Hadija."

"Basi atakufa ananiamini mimi au atakufa hamwamini mtu? Akiacha kula na kwangu, utamlisha nini, mawe?"

Nikamwaga ule unga kwenye majivu.

Alienda kumlisha mwenyewe. Hadija hawezi kufanya kitu bila kuimba. Kufagia anaimba, kukuna nazi anaimba. Akawa anaimba ovyo tu, bila maneno ya maana: *Mwalimu kula, Mwalimu kula, nyama ya Idi ngumu kidogo, Mwalimu kula.* Mimi naosha masufuria.

Nikasikia: *Nina-kula.*

Kwa tuni ile ile! Sufuria ikanianguka. Hadija alikuwa amesimama na kijiko hewani.

Akaimba tena, sauti imemtetemeka: *Ni tamu au si tamu?*

*Ni ta-mu,* akaimba Teodori. Kisha kwa mdomo wa kawaida: "Rudia." Na jasho limemtoka kama amebeba gunia.

Tukakumbatiana mimi na Hadija, mikono yangu ina sabuni, nguo yake ya Idi imelowa. "Muimbie!" ananiambia. "Si unaona? Muimbie hiyo dawa!"

Mimi! Hadija hajui. Watu wa kwaya wanajua. Mwaka tuliooana nilijiunga sauti ya kwanza, nikakaa majuma mawili. Mume wangu, mwalimu wa kwaya, alisimamisha wimbo mbele ya watu wote akasema, Paskalina, kuna wanaomtukuza Mungu kwa kuimba na kuna wanaomtukuza kwa kufagia kanisa. Wanacheka mpaka leo. Nimefagia kanisa miaka ishirini na mbili.

Nikamwomba Hadija amwimbie yeye kuhusu dawa. Akajaribu. Teodori akatikisa kichwa kwa upole, akaligeukia pilau lake. Kwa Hadija chakula tu. Dawa si yake kuitoa. Aliyeiweka mkekani ni mimi.

Jumanne, 18 Juni

Nimeimba. Nimefunga mlango na madirisha kwanza.

Nikachukua tuni ya wimbo wake wa jioni, hiyo angalau nimeisikia mara elfu. *Pokea kidonge, Baba Coletha.*

Uso wake! Kama mtu aliyeng'ata ndimu.

"Rudia," akasema.

Na mara hii alimaanisha. Kwa mara ya kwanza tangu Machi neno lile lilikuwa mahali pake: mwanafunzi amekosea, arudie. Nikarudia. Akanyoosha kidole cha mkono mzima juu: panda. Nikapanda. Juu mno — kidole kikashuka. Nikarudia. Tulikuwa hivyo mpaka jua likazama. Nimelala na mtu huyu kitanda kimoja miezi mitatu hii bila kukutana naye. Leo nimekutana naye.

Kidonge hakumeza. Kilikuwa kiganjani kwangu muda wote, kimeyeyuka kwa jasho.

Lakini nikamwimbia swali: *Mbona hutaki?* Akafunga macho. Alitafuta muda mrefu, anatafuta tuni, si maneno. Mwishoni ikaja kwa sauti ya sehemu yake ya peke yake, polepole: *Ni-li-to-a.*

Nilitoa.

Sikuweza kuimba tena.

Jumatano, 19 Juni

Rahma amepima. Alitazama mashine, akapima mkono mwingine, akatazama tena. Mia mbili kwa mia na ishirini. Akasema tumpeleke hospitali leo. Teodori akashika mguu wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Bajaji ilikuja, ikasubiri, ikaondoka. Wanaume wawili wangembeba, lakini Rahma akasema akipigana kwa presha hii wataniulia mgonjwa. Kwanza ameze, kidonge kitaishusha kidogo, ndipo asafirishwe. Kesho asubuhi atarudi na daktari kama atampata.

Tangu mchana anashika kichwa. "Rudia" yake imekuwa nzito, kama ina ulimi wa mtu mwingine.

Nimewaza siku nzima lile neno lake. Alitoa mbele ya watu. Mimi nikachukua kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kila ninapomnyooshea dawa nyumbani, namnyooshea kitu cha wizi. Mume wangu si mbishi. Hajawahi hata siku moja kula sadaka.

Basi irudishwe kama ilivyotolewa. Mbele ya watu, mbele ya altare, mkekani.

Nikamfuata Romanus nyumbani kwake. Mkewe alinikaribisha chai, sikukaa. Nikamwambia ninachotaka.

Akashika kichwa. "Unajua unachoniomba? Watu walitoka Singe kwa ajili ya ushuhuda ule. Nikirudisha dawa, nimesema ulikuwa uongo."

"Hukusema uongo. Aliimba. Hata mimi sijui nani alimwimbisha. Lakini nani alisema atoe dawa? Sema hilo tu."

"Na wale wengine walioacha za kwao?"

Tukatazamana. Hakuwa amelifikiria kabla hajalisema. Mkewe akaweka birika chini.

"Nitaona kesho," akasema.

Nikamwambia kesho si ya kuona, kesho ni ya kufanya. Sijawahi kusema hivyo na kiongozi. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi, 20 Juni

Asubuhi. Rahma hajampata daktari. Amekuja peke yake, amepima, haniambii namba. Anaandika kwake tu. Nikamwambia aniandikie na humu, kwenye shajara, mwisho kabisa, ili popote tutakapofika leo waione. Ameandika. Sijaiangalia.

Teodori amejivalisha mwenyewe. Vifungo vimepishana. Sijavigusa.

Rahma amesema twende naye kanisani kama ndiko atakakokubali kwenda. Atatusubiri nje na bajaji, injini haitazimwa. Hadija naye amesema anakuja. Nikamwambia, Hadija, ni kanisani. "Nitakaa nje na Rahma," akasema. "Ukuta si unapitisha sauti?"

Jioni, kigangoni.

Naandika hapa hapa kwenye benchi la mbele, goti langu limegusana na lake. Watu wataniona wendawazimu. Mikono lazima ishike kitu.

Romanus ametandika mkeka. Haikuwa Alhamisi ya mkeka, watu walinong'ona. Akachukua maiki, akairudisha, akaichukua tena. Akasema, ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza swali hapa. Lilikuwa swali baya. Niliwauliza vidonge au Bwana, kana kwamba ni wagombea wawili. Mwenye dawa yake aliyoiacha nyumbani kwa sababu yangu, leo akaimeze. Akaniita: Mama Coletha, leta.

Nikaweka bahasha mkekani. Ile ile, kona iliyokunjika. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, heh! Wanarudisha? Mwingine, nyamaza wewe.

Romanus akaokota bahasha kwa mikono miwili, kama anavyobeba vipaji vya sadaka, akaileta mpaka kwa Teodori. "Mwalimu, Bwana ameipokea. Amekurudishia uitumie."

Teodori aliangalia bahasha. Akamwangalia Romanus. Akaniangalia mimi. Hakunyoosha mkono.

Basi nikaimba.

Mbele ya ukumbi mzima. Bila kinanda. *Pokea ulichotoa, Baba Coletha.* Sauti ilipasuka katikati kama debe. Wa sauti ya kwanza wakaangaliana, mmoja akajifunika kanga mdomoni, mabega yanacheza. Wacheke! Teodori akakunja uso.

"Rudia."

Nikarudia. Kidole chake kikanyanyuka: panda. Nikapanda, sikufika. Kucheka kumekwisha ukumbini. Nje ya dirisha nikasikia mtu ananiongezea tuni chini chini, ni Hadija, tutauana naye baadaye.

"Rudia."

Mara ya tatu nilikosea pale pale. Na yeye akafanya alichofanya maisha yake yote mwanafunzi akishindwa: akafungua mdomo kuionyesha noti. *Sooo* —

Nikaweka kidonge juu ya ulimi wake.

Akafunga mdomo.

Hajameza. Hajatema. Najua, naifahamu shingo yake. Macho yamenikazia. Hayana hasira, sijui yana nini. Nimemnyooshea kikombe cha maji, hakukishika. Nikakaa. Nimechukua kalamu.

Venance hakusubiri aambiwe. Ameanza wimbo wa jioni. Anapiga taratibu, taratibu kuliko siku zote, anamtazama mwalimu wake. Ngoma zimenyamaza. Kwaya imeingia: Tumekuja na siku yetu mikononi. Wanaimba na wao wanamtazama yeye. Wote wanajua kinachokuja baada ya ubeti. Sehemu ya mwalimu.

Kinanda kikiachiwa peke yake kinaweza kuipiga, kama kilivyoipiga tangu Machi. Lakini Venance ameinua mkono wa kulia kutoka kwenye kinanda, ameuweka gotini. Hataipiga. Ameacha nafasi.

Hawezi kuimba na kidonge mdomoni. Yeye ndiye aliyewafundisha: mdomo uwe mtupu, hata pipi sitaki. Ama ateme, ama ameze.

Wamebakiza mstari mmoja.

Ameshika benchi kwa mkono wa kushoto. Anasimama. Kikombe — amechukua kikombe. Amekishika tu. Maji yanacheza.

Kwaya imenyamaza.

Teodori anavuta pumzi kwa pua, na shingo yake —